Ulimi wa Kuonjea Uraka

To. Kimya. To. Kimya. To.

Hiyo ndiyo sauti niliyoamkia msimu mzima wa mabibo. Maji ya mabibo yanachuja kutoka kwenye sandarusi iliyoning'inizwa darini jikoni, yanadondokea ndoo. Bado giza. Nje hata kuku hawajashuka mtini. Nalala chali, tumbo juu, nasubiri tone linalofuata, na mate yanajaa mdomoni kabla sijafumbua macho vizuri.

"Keti!" Mama mkwe alikuwa ameshaamka. "Keti mwanangu, kaonje ule wa juzi. Watu wa Matambarale wanapita mapema."

"Naam, mama."

Nilimfunika Skola, binti yangu wa miaka minne, nikaenda jikoni kwa kupapasa. Kata ilikuwa palepale, kwenye msumari. Nikachota, nikanywa. Nikahamia ndoo ya pili, nikanywa. Ya tatu. "Ule wa juzi uko tayari, mama," nilisema. "Wa jana uache." Kisha nikawasha moto wa chai. Mimba ilikuwa ya miezi mitano.

Kwa asiyeujua uraka: ukishaing'oa korosho, lile bibo linalobaki unalikamua, maji yake unayaweka. Siku ya kwanza ni matamu. Siku ya pili yanaanza kuuma pembeni mwa ulimi. Ya tatu ndiyo yenyewe. Ukizembea mpaka ya tano yanakuwa siki, hata kuku anageuza uso. Na kwa kuwa jua la leo si la jana, siku hazitoshi kukwambia. Lazima pawe na mtu mwenye ulimi. Mama mkwe wangu, Magreti, alikuwa nao, wanasema Chinongwe nzima ilimjua, mpaka ugoro ulipoumaliza. Mwaka nilioolewa, nimetoka Mkotokuyana upande wa Nachingwea, sijui hata kisima kiko wapi, alinipa kata mbele ya wanawake kumi akasema, "Jaribu." Nikaonja, nikasema huu umebakiza nusu siku. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ana ulimi!" Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisifia kitu. Kata ile ikawa yangu.

Kwa hiyo mimi sikuwa mnywaji. Walevi walikuwa wale wanaolala njiani. Mimi nilikuwa mwonjaji.

Mume wangu Eustakio alikuwa machimboni tangu Juni. Mwanzoni simu yake ilipatikana kila Jumapili, baadaye ikawa haipatikani kabisa. Sikulia. Majirani walinisifu, eti mama Skola ana moyo. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa kama mkono ulioulalia vibaya: unauona ni wako, unaunyanyua kwa mkono mwingine, lakini wenyewe haukuambii kitu.

Siku ya kliniki nesi aliuliza bila kuinua macho, "Pombe? Sigara?"

"Hapana," nikasema. Sikudanganya. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Akaandika, akanielekeza nje, kwenye benchi chini ya dirisha. Pale alikaa mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kahawia, miguuni kwake ndoo mbili, moja ina maji, moja tupu. Alikuwa anakuja Jumanne mbili kila mwezi kutoka Nachingwea, kwenye kikundi kinachowasaidia watu kuacha pombe. Jina lake Mwanaima. Wenzangu walishaanza kunong'ona.

"Huyo ni wa walevi," alisema mmoja. "Ukikaa naye ujue umeandikwa."

"Kaeni tu," Mwanaima akajibu kwa sauti. "Mlevi mwenyewe ni mimi, ninyi ni wageni wangu." Wakacheka, wakasogea. Akanigeukia. "Mama nani?"

"Mama Skola."

"Mama Skola, mimi sikuulizi kama unakunywa pombe. Nesi keshauliza. Niambie jana tu. Tangu umeamka mpaka umelala, kitu gani kilipita hapa?" Akajigusa koo.

Nikamwambia. Uraka wa kuonja, chai, uraka wa kuonja, uji niliomalizia wa mtoto, maji, uraka wa jirani aliyeniita nimsaidie kuonja, ugali na kisamvu, maji, uraka.

"Kuonja ni mara ngapi?"

"Sihesabu, dada. Ni kazi."

"Basi tusihesabu. Tumimine." Akanipa kikombe cha plastiki. "Chota kwenye maji, mimina kwenye ndoo tupu. Fanya kama jana. Ni alfajiri, umeamka."

Nilichota kiasi kile ninachochota kwa kata. Nikamimina. "Alfajiri ni ndoo tatu," nikasema, nikamimina mara mbili tena.

"Saa tatu?"

Nikamimina.

"Wateja walipofika?"

Walikuja wawili. Kila mteja anataka aone umekunywa wewe kwanza. Nikamimina, nikamimina. Adhuhuri nikamimina. Kwa jirani nikamimina nne, yeye ana ndoo nyingi. Jioni. Ilikuwa inachekesha, halafu ikaacha kuchekesha. Nilipotua kikombe, maji yalikuwa yamepita mstari wa lita ya kwanza na kuugusa wa pili.

Niliyatazama. Maji tu, yametulia, na kivuli cha dirisha kimelala juu yake. Nikatafuta hofu ndani yangu. Haikuwapo.

"Lakini silewi," nikasema.

"Sijasema unalewa. Umezoea." Hakuwa mkali. "Wewe mwili wako ni wa mtu mzima. Yeye ini lake bado linaumbwa, na ubongo wake vilevile. Kinachopita kwako kinamfikia, na yeye hawezi kutema."

Skola alikuwa amekaa mchangani, anapanga vifuniko vya soda. Mtoto wangu alikuwa mdogo kwa umri wake, na alisema neno mojamoja. Maji. Bibi. Hapana. Wenzake walishaanza kutukana watu wazima. Nilimzaa mwezi wa tano. Nikarudi nyuma kwa vidole: wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza, mpaka nikaufikia msimu wa mabibo.

"Ni mimi?" nikauliza.

Mwanaima alielewa. Alimtazama Skola muda mrefu. "Sijui. Na atakayekwambia anajua kwa kumtazama tu, anakudanganya. Tutampeleka Ruangwa hospitali, wampime masikio na mengine. Hilo la Skola tutalifuata. La huyu wa tumboni tunaweza kulianza leo. Hujachelewa. Kila siku usiyokunywa ni faida kwake." Kisha akaniuliza, "Asubuhi kabla hujaonja, mikono inatetemeka? Jasho?"

"Hapana. Mate tu."

"Ikitokea ikatetemeka, usijifungie ndani ujifanye shujaa. Nipigie, twende hospitali. Kuacha ghafla kunaweza kumdhuru mtu aliyezoea sana. Umenisikia?"

Nilimsikia. Akaandika namba yake kwenye kiganja changu, kwa sababu sikuwa na karatasi, akaniambia niandike kila siku ninachokunywa mpaka atakapokuja kunitembelea.

Jioni ile nilitoa madaftari yangu ya zamani. Kabla ya Skola nilisoma miaka miwili masomo ya jioni, akina mama na vijana kwenye madawati ya watoto, taa moja ya sola. Daftari la baiolojia lilikuwa na kurasa zilizobaki. Nilipokuwa nazitafuta nikakuta nimechora mtoto tumboni, kondo la nyuma, na kitovu kimejikunja kama kamba ya kisima. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: *chakula na hewa hupita hapa*. Mwalimu alinipa nane kwa kumi. Nilikaa na mchoro ule mpaka mwanga ukaisha. Nilikuwa nimeichora njia ile kwa mkono wangu, na miaka yote nikaipitishia uraka.

Asubuhi nilimwambia mama mkwe.

"Huonji?" Alikuwa anachambua ming'oko, vile viazi vya porini. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ni kwa ajili ya mtoto, mama. Wamesema zahanati."

"Nani kasema?"

"Dada mmoja wa Nachingwea."

"Ahaa. Yule mwenye ushungi aliyekuwa analala kwenye mitaro ya Nachingwea ndiye anatufundisha kuzaa." Akatupa ganda. "Mimi nimezaa saba, Keti. Saba! Wote kwa uraka. Mumeo huyo kazaliwa Novemba, uchungu umenishika kata iko mkononi."

Sikusema kwamba kati ya saba wapo wanne. Hakuna ajuaye wale watatu walikufa kwa kitu gani, na si mimi wa kumuuliza.

"Basi onja uteme," alisema mwishoni, kama mtu anayempunguzia mwenzake bei. "Ulimi si koo."

Nilionja na kutema siku mbili. Siku ya tatu, alfajiri, to, to, to, nilichota, nikashika mdomoni, na koo likafunguka lenyewe. Sikuamua. Nikachota tena. Siku ile niliandika kwenye daftari: *kata sita, au saba*. Kisha nikalala mchana kutwa, na Skola akakaa karibu yangu akinipangia vifuniko vya soda mkononi, kimoja kimoja.

Mwanaima alikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kwa bodaboda, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa daftari. Niliingojea ile sura ambayo watu huwa nayo wakikudharau.

"Umeandika ukweli," alisema. "Watu wengi huanza kwa kuniandikia uongo mzuri. Saa gani ndiyo mbaya?"

"Alfajiri."

"Kuna nini alfajiri?"

Niliona haya. "Matone. Nikiyasikia tu, mate yanakuja."

Hakucheka. Aliinuka, akaingia jikoni, akaitazama sandarusi. Akaomba uzi wa katani. Akaufunga chini ya sandarusi, akaushusha mpaka kwenye ndoo. Maji yakasita, yakaushika uzi, yakaanza kuteremka nao taratibu. Hakukuwa na sauti tena.

"Mama yangu alikuwa mkamuaji," alisema. "Baba akilala mchana hataki kelele."

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umekuja kunifundisha kuchuja pia?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Sikuja kukufundisha, mama. Nimekuja kukuomba." Mwanaima akakaa chini kabisa, sakafuni, kama mkwe. "Nina kijana wangu, Yasini. Ana miaka kumi na mmoja. Yuko darasa la pili. Nilipokuwa na mimba yake nilikunywa nipa, siyo uraka, gongo yenyewe ya mabibo. Waliniona wote. Mama yangu, jirani, kliniki. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja, jana umekunywa nini. Walisema, huyu kashindikana. Yasini ananipenda. Anafunga vifungo vya shati mpaka leo kwa shida, akimaliza ananiita nione. Basi, ni hayo tu. Sikuja kumsema mtu. Keti ameulizwa, na amejibu. Lakini hawezi akiwa peke yake, na anayelala naye nyumba moja ni wewe."

Mama mkwe aliutazama uzi ule. Kisha akasema, "Na nani ataonja? Ulimi wangu umekufa."

"Sijui, mama."

"Hujui! Umetoka Nachingwea yote hiyo hujui!" Akatoka nje. Lakini uzi hakuuondoa.

Wiki zilipita. Niliandika kwenye daftari *maji, chai, uji*. Siku mbili niliandika *kata moja*. Kila Ijumaa Mwanaima alipiga simu, akauliza jana, si juzi wala mwezi mzima, jana tu. Tulimpeleka Skola Ruangwa. Masikio yake yalikuwa mazima. Daktari alisema aongeleshwe sana, arudishwe kila baada ya miezi mitatu, na sababu hakuitaja. Njiani nilimwonyesha: huu mkorosho, ule mbuzi, yule mzee wa baiskeli. Nilisema kwa sababu nimeambiwa niseme. Sauti yangu ilinijia kama inatoka redio ya jirani.

Mama mkwe naye alibahatisha. Mara mbili uraka ulichacha tukaumwaga nyuma ya choo. Hakunisema, na kutonisema kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno.

Jumamosi moja ya Desemba ua ulijaa. Kulikuwa na watoto wanatoka jandoni vijiji vya jirani, kila nyumba inataka uraka, na wanunuzi walisimama na madumu yao. Ndoo nne. Mama mkwe alionja ya kwanza, akakunja uso, hakujua.

"Mbona hatuanzi?" aliuliza mmoja, Silvanus, mwenye baiskeli ya madumu manne. "Mwenye ulimi yuko wapi?"

"Kapata cheo siku hizi," mwanamke mmoja akasema. "Anakunywa chai ya maziwa."

"Basi huo uraka una neno! Kama wa nyumbani hawaunywi, sisi tunywe tufe?"

Walicheka. Mama mkwe aliniita. Mbele ya wote alichota kata ikajaa, akanishikisha, akanifunga vidole kwa vidole vyake. Macho yake hayakuwa na ukali. Yalikuwa yanaomba. "Moja tu, mwanangu," alinong'ona. "Wasione aibu yangu."

Ulikuwa uraka wa siku ya tatu, nilijua kwa harufu tu. Nilijitazama nimeshika kata kama ninavyowatazama watu kwenye picha. Nikawaza, huyu mwanamke atakunywa. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Kisha mtoto akapiga teke, dogo, pembeni, na sikuhisi furaha wala huruma. Nilikumbuka tu mistari ya ile ndoo ya zahanati.

Niliisogeza kata puani nikaivuta harufu. Nikaisogeza sikioni. Povu la uraka uliokomaa lina mlio, mdogo, kama mafuta yanayopoa. Miaka mitano nimeusikia kila alfajiri bila kujua ninausikia, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kunywa.

"Huu tayari," nikasema. Nikamrudishia mama mkwe kata, imejaa vilevile. Nikainama ndoo ya pili. "Huu kesho mchana." Ya tatu. "Tayari." Ya nne ilikuwa kimya kabisa, harufu ya siki. "Huu mwageni."

"Anasikiliza uraka!" Silvanus alipiga kofi. "Mama Eustakio, mkweo daktari! Anaupima mapigo!"

"Onja mwenyewe kama kakosea," mama mkwe alimjibu, na kumpa kata. Silvanus akanywa. Akalamba midomo. Akafungua dumu la kwanza. Mama mkwe hakunitazama, ila alipopita nyuma yangu aliweka kiganja mgongoni pangu, akakiacha hapo kidogo.

Sikunywa tena msimu ule. Ningependa kusema ganzi iliondoka siku ileile, lakini haikuondoka. Nilibaki nayo Krismasi, nikabaki nayo mvua za Januari. Eustakio alipiga simu kwa namba ngeni, akasema yuko hai, atakuja. Nikasema sawa.

Nilijifungua Februari, zahanati, Jumatano mchana. Mtoto wa kike. Nesi akamweka kwenye mzani akasema kilo tatu kasoro kidogo, akaninyanyulia nimwone. Nilimwona. Kila mtu alinisubiri nilie au nicheke. Mwanaima hakusubiri chochote. Alikuja na khanga, akaketi chini, akauliza, "Jana ulikunywa nini?"

"Maji. Na uchungu."

Akacheka. Akaniambia hawezi kuniahidi lolote juu ya mtoto, tutamfuatilia kliniki kama wengine, na mimi ganzi yangu tutaifuatilia pia, kuna mtu Nachingwea wa kuongea naye. Nikakubali.

Nyumbani, asubuhi ya tatu, mama mkwe alikuwa nje anafagia. Kata ilikuwa msumarini, kavu, msimu umeisha. Nilikuwa nimelala upande, naangalia ukuta. Nyuma yangu mtoto alianza kujinyonganyonga, bado hajalia, anatafuta kwa mdomo. Skola alikuwa amepiga magoti pembeni yake, kifuniko cha soda mkononi. Nilimsikia anahema, kama anayepanga kitu kizito. Maziwa yakashuka ghafla, yakachoma pande zote mbili, na nikashtuka kwa sababu yaliuma, na yaliniuma mimi.

Skola alinivuta nguo, akasema kwa sauti, "Mama, mdogo wangu anataka kunyonya."